Kiti cha Mwenye Mzigo

Nduguti

Mdogo wangu Amosi,

Mama amepokea shikamoo yako. Goti linamsumbua, ila anakula. Vitunguu mwaka huu vimekubali.

Nasikia unalalamika huko Manyoni kwamba kikundi chetu cha wakulima kimempa mtu baki mzigo wa Dar, wakati wewe una lori na dada yako ndiye mwenyekiti. Ni kweli. Bei yako ilikuwa ya chini kuliko zote, na wenzangu walikutaka wewe. Walisema ndugu ni ndugu.

Mimi niliwauliza wenye malori swali moja tu: mwenye mzigo anayeusindikiza atakaa wapi? Yule mtu baki alijibu, "Ndani, mama, pembeni yangu, na mkanda atafunga." Wewe ulicheka kwenye simu. Ukasema, "Dada nawe! Si anajibanza tu juu ya magunia kama kawaida?"

Kama kawaida. Mwaka jana shemeji yako Paskali alijibanza hivyo hivyo, kwa sababu kiti chake ulimuuzia abiria pale Iguguno. Lori lilipolala kwenye kona, abiria wako alitoka na mkoba wake mkononi. Vitunguu tuliviokota barabarani, vikafika sokoni. Mume wangu tukamzika.

Msibani ulilia kuliko mimi, nikadhani umeelewa.

Usiniombe mzigo tena. Lakini njoo umwone mama. Panda basi, Amosi, ukae kwenye kiti.

Ni mimi dada yako,
Rahabu