Atakayempa Mtoto Jina

Alhamisi, 5 Juni 2025
Nimejifungua msichana! Na sauti ya kuamsha Morse Road nzima. Mume wangu Bonheur anacheka peke yake kama mjinga. Jina bado — litatolewa Jumapili mbele ya watu wa kanisa, na najua nani atalitoa: Mama Doreen! Mzee wangu wa kazini, ninayemwogesha na kumpikia mwaka wa nne sasa. Hana mtu. Akiwa na miaka kumi na tano walimweka kwenye nyumba ya serikali ya “wasio na akili”. Wakasema wanamtoa apendisi. Kumbe walimfunga kizazi! Sheria ya jimbo la kwao, huku huku Marekani, iliruhusu wakati huo, eti watu kama yeye wasizaliane. Watu kama yeye! Ananishinda karata kila siku.

Nimempigia simu. Alilia, kisha akasema jina analo tangu zamani. Hataki kunitajia. Ananitesa!

Ijumaa, 6 Juni
Mama mkwe amefika na basi kutoka Buffalo, na mifuko ya samaki wa soko la Grant Street. Vigelegele mpaka jirani akafungua mlango! Nikamwambia habari ya jina — bon, basi, vigelegele vikakatika. Jina hutolewa na bibi mzaa baba, anasema. Na tangu lini tasa akampa mtoto jina? Nikajibu si tasa, walimkata. Hakusikia. Akaosha sufuria zote kwa hasira. Zilikuwa safi!

Jumamosi, 7 Juni
Sikubali. Nimemweleza tena, polepole, mtoto akinyonya. Daktari, apendisi, uongo. Mama mkwe akaacha kuchambua maharage. Akauliza kovu liko wapi. Chini ya kitovu, nikasema, katikati.

Akagusa tumbo lake mahali hapo hapo. Kisha akasema: kule kambini, baada ya kumzaa Bonheur, walimpasua “kutoa uvimbe”. Nesi alikuwa akilalamika wakimbizi wanazaa kama panya. Hakushika mimba tena. Miaka yote hii anasema ni Mungu.

Donc, kumbe ndiyo sababu Bonheur hana ndugu!

Jumapili, 8 Juni
Watu wamejaa nyumbani! Sombe, kisamvu chetu, iko tayari, Mama Doreen amekuja na kofia ya zambarau. Naandika chooni, nimejifungia. Mama mkwe amempakatisha Mama Doreen mtoto kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya wote, halafu akamvuta chumbani kwangu. Hawana hata lugha moja ya kuongea! Mchungaji anauliza jina. Mama mkwe anagonga mlango huu: Nsimire, njoo utafsiri, jina lingoje. Anataka kwanza kumuuliza Mama Doreen — siku alipojua kwamba walimkata, alifanya nini kesho yake?

Natok—