Rekodi ya Dada Aziza

Jumatano usiku

Kompyuta ilisema kunakili kumekwisha, nami nikaiamini. Nikaifuta rekodi kwenye simu, maana simu ilikuwa imejaa. Papo hapo Papa Ramazani, mwenye jenereta tunayochangia majirani, akaizima bila kutuarifu, kama afanyavyo kila mafuta yakipungua. Betri ya kompyuta yangu ilikufa zamani.

Umeme uliporudi, faili ilikuwa kwenye diski kwa jina lake kamili. Ndani hamna kitu.

Binti yangu Zaina hutengeneza kompyuta mjini. Alijaribu jioni yote, kisha akaweka mikono mapajani.

“Papa, noyau, ule moyo ya système, inaweka kwanza mu mémoire, nyuma njo inaandika ku disque. Courant ikikatika mbele ya kuandika, bon, imepotea.”

“Kwa nini isiandike moja kwa moja kwenye diski kabla umeme haujakatika, bila kupitia kumbukumbu ya muda?”

“Iko mashine za vile, programu inagusa disque yenyewe, hakuna copie ya katikati. Lakini si hii yako, papa. Na hata kule, lazima uhakikishe kama imeandikwa.”

Sikumsahihisha Kiswahili chake. Sikuwa na nguvu.

Katika rekodi hiyo Dada Aziza alitaja mipaka ya shamba la baba kule Banalia, mti kwa mti, wiki chache kabla ya kufa. Hakuna mwingine aliyeijua. Jumamosi binamu zetu wanakuja kulidai, na mimi ndiye nitakayeulizwa.

Nilikuwa nimeketi karibu naye akisema. Sikumsikiliza vizuri. Nilikuwa nikiangalia kama simu inarekodi.