Miti Unayotaka Niiuze

Dukani kwa Kasim Muuza Nyama,
Kangeta, Meru.
Agosti 1957.

Kwa dada yangu mpendwa Celina,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye ukungu mpaka huko Siakago kwenye vumbi. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, wewe na Kaari mdogo, na shemeji Misheck pamoja na tumbo lake. Mimi ni mzima kupita kiasi. Nimenenepa mpaka lile shati ulilonishonea limekataa vifungo, na wasichana wa Kangeta wameona. Kama kuna bwana anayefungua barua za watu njiani kwa sababu ya hii Imajensi ya serikali, namsalimu yeye pia. Asome mpaka mwisho, kisha aikunje vizuri, maana dada yangu ni mkali.

Nakuandikia kwa Kiswahili ili ujue mdogo wako ameendelea. Hapa kwa Kasim hakuna Kimbeere. Bibi yake, Mama Mwanatatu, hunirekebisha kila nikifungua mdomo, na sasa hata wateja wananiuliza kama nilizaliwa Mombasa. Mimi sikatai. Lakini tafadhali isome mwenyewe, usimpe Misheck akusomee kwa ile sauti yake ya karani. Huko chini kuna maneno ambayo si yake.

Barua yako niliipata. Umesema Baba hali vizuri. Tangu wazungu wawafukuze watu wetu wote kwenye mashamba yao, na yeye akarudi na blanketi na aproni baada ya kuwapikia ujana wake wote, anakula kwa mkwewe akiwa amegeukia ukuta. Hiyo naielewa. Mwanamume wa kwetu kulishwa na mume wa binti yake, kila tonge linamkwama. Sasa anataka kwenda kuwa mlinzi wa usiku kwenye duka Embu mjini, na kifua kile, wakati wa hii kafiu ya kutotembea usiku, siku hizi ambapo mtu anaweza kupigwa risasi kwa kupiga chafya gizani. Ndipo ukaniamuru niuze ile pembe yangu ya shamba la miraa, nilete pesa, Baba apate mahali pake. Uliandika hivi: “Miti haikohoi, Mutegi. Baba anakohoa.”

Dada, wewe ungekuwa hakimu. Niliposoma hapo nilishika shavu mpaka Kasim akadhani naumwa jino.

Kabla sijakujibu, acha nikueleze nilivyoipata hiyo pembe, kwa sababu nadhani unafikiri niliiokota. Kuna mzee hapa anaitwa Mithika. Kila asubuhi huja buchari kuchagua nyama, na huchagua kama mtu anayechagua mke, anageuza, ananusa, anatukana, kisha anachukua ile ya kwanza. Siku moja aliniuliza mimi ni wa ukoo gani. Nikamwambia, na nikaongeza kwamba babu yetu alivuka kutoka Tharaka. Mzee akaacha kutukana. Akanitafutia kiti. Kumbe ukoo wetu una gichiaro na wake, ule undugu wa kiapo cha zamani. Ndugu wa gichiaro akikuomba kitu, humnyimi. Ukimnyima au ukimdanganya, wanasema unavimba mwili.

Unanijua. Mtu kama mimi kupewa mzee asiyeweza kusema hapana! Nilianza na tumbaku, ingawa sivuti. Nikaomba kofia aliyovaa, akaivua pale pale mbele ya watu, nikaivaa. Kasim akanionya, akasema, “Kijana, unachezea moto wa watu.” Sikusikia. Ilipofika Jumamosi, buchari imejaa, nikataka kuwachekesha watu. Nikamwambia mzee, basi nipe na pembe ya shamba lako, nami niwe tajiri wa miraa.

Hakuna aliyecheka. Mzee alifunga nyama yake kwenye jani la mgomba, akaondoka. Asubuhi yake alikuja na panga, akanipeleka mpaka chini ya shamba lake, akanionyesha mwanzo na mwisho. Nikamwambia ulikuwa mzaha tu. Akasema, “Wewe umeomba kwa mzaha. Mimi nimetoa kweli.”

Halafu akacheka, dada, kicheko kibaya kabisa. Kwa sababu gichiaro inakata pande zote mbili, na zamu ya kuomba ilikuwa yake. Akaniomba nisinunue baisikeli mpaka pembe ile ijae miche. Sijui nani alimwambia habari ya baisikeli. Labda ni mimi, kwa sababu nilikuwa nimemwambia kila mtu, mpaka rangi yake na sauti ya kengele yake. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, siamini mambo ya kuvimba. Lakini baisikeli sikununua.

Basi kwa miaka mitatu, kila mwisho wa mwezi, mshahara ukitoka, kabla sijagusa kitu, nilikwenda kununua machipukizi kwa watu, nikayapanda. Mwanzoni nilipanda nikinung’unika. Wenzangu walivaa suruali mpya, mimi nikabeba samadi kichwani. Walinipa jina la “Mzee”, wakawa wananiamkia shikamoo.

Lakini kaa hapo uone mambo ya miraa. Mche wake hauna haraka na mtu. Miaka ya kwanza unaulea tu kama mtoto mgonjwa. Ukifika minne au mitano unaanza kukupa kidogo, na kutoka hapo kila mwaka unavyozeeka ndivyo bei yake inavyopanda. Ile miti wanunuzi wa Isiolo wanayogombania ni mizee, iliyopandwa na watu wakiwa bado vijana wa jando. Huwezi kuwa na mti mzee kwa kuutaka leo. Kuna matajiri hapa wana malori, na bado wanamwamkia Mithika, kwa sababu lori unaweza kununua lakini umri wa mti huwezi kuuhonga.

Nilimwuliza mzee siku moja kwa nini wanawe wote huja kumjulia hali kabla jua halijatoka. Akaniambia, “Unadhani wananipenda? Wanapenda ile miti. Na mimi nafurahi hivyo hivyo.” Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Lakini jioni nilimfikiria Baba. Unakumbuka kila likizo akija nyumbani alivyosema mwakani atapanda kahawa? Alitusimulia mpaka kivuli cha hiyo kahawa. Mwaka ukaisha, akasema mwakani. Hakuwa mvivu, alikuwa anawapikia watu wengine mikate. Alidhani siku ziko nyingi, zimekaa mahali zinamngoja.

Mimi nampenda Baba, na nitamlisha nikiwa na meno au bila. Ila nikwambie kweli, sitaki siku moja mwanangu aandikiwe barua kama hii uliyoniandikia. Ndiyo maana niliposoma neno “uza”, nilisema hapana, nikaisema kwa nguvu mpaka mbwa wa buchari wakatoka nje.

Usinune bado. Soma.

Niliamka, nikamwendea Kasim, nikamweleza habari za Baba. Mama Mwanatatu alikuwa anasikiliza nyuma ya pazia, kama kawaida. Wanunuzi wa miraa hufika hapa asubuhi na mapema na njaa, na hakuna mkate Kangeta yote, isipokuwa ule unaoletwa kutoka Meru mjini ukiwa mgumu kama tofali. Mama Mwanatatu akatoa kichwa, akauliza kama Baba kweli anajua mkate wa kizungu, ule wa kuumuka. Nikamwambia Baba yangu akipita tu karibu na unga unaumuka. Kasim akasema kuna chumba nyuma ya buchari, na mahali pa kujenga tanuri. Baba si wa kuajiriwa, mkate utakuwa wake, na atalipa kodi kama mfanyabiashara mwingine. Kasim mwenyewe amekwenda kwa bwana D.O. wa serikali kumwombea pasi ya kuingia Meru, na imekubaliwa. Utaikuta humu ndani ya bahasha, usiipoteze.

Utaniuliza tanuri inajengwa na nini, na unga wa kwanza unatoka wapi. Hapo ndipo penye neno langu, na hapa Misheck aende nje aangalie mbuzi.

Nilipokwisha kuijaza ile pembe, mwaka jana, Mithika aliniuliza miti ijulikane kwa jina gani, maana huku mti bila mwenyewe huleta vita. Nikamwambia nusu ya juu ni ya Mutegi wa Nyamu, na nusu ya chini ni ya Celina wa Nyamu. Mzee alitema miraa aliyokuwa akitafuna. Huku mwanamke hamiliki mti wa miraa, dada, hata kuukaribia hawapendi. Alinieleza hivyo kwa maneno mengi, mengine siwezi kuandika kwa heshima yako. Nilimwacha amalize. Kisha nikamwambia, “Naomba.”

Alikaa chini kwenye majani. Akaniambia nitamwua. Kesho yake akawaleta wazee wenzake wawili, akapanda alama ya mpaka katikati kwa mkono wake mwenyewe, akawaambia wasikie jina lako. Mmoja alijaribu kucheka, Mithika akamwangalia, akaacha.

Sikukuambia kwa sababu nilitaka ukute mti umekwisha kuanza kuchumwa. Ulipoacha shule ili ada iwe yangu, hukuniuliza kama nitaitumia vizuri. Nami sikuitumia vizuri, hilo wote tunajua. Na wewe huna kitu chochote chenye jina lako, isipokuwa Biblia. Misheck ni mtu mwema, lakini anaweza kufa, anaweza kuoa mwingine, anaweza hata kubaki mwema na bado wewe ukala umegeukia ukuta.

Sasa nusu yangu nimeiuza. Nilimwomba Mithika aichukue tena, anilipe bei ya miti, naye hawezi kukataa, akalipa huku akinitukana na kutukana watu wote wa Mbeere. Hiyo ndiyo tanuri ya Baba. Nilikwenda kuiaga jioni, usicheke. Mwakani ile ya kwanza ingeanza kuchumwa. Hiyo miaka hakuna wa kunirudishia, na nimeona uchungu kuliko nilivyodhani. Lakini mimi ndevu hazijanijaa hata kidevu. Nikianza tena mvua za mwezi wa kumi, bado nitakuwa na miti mizee kabla sijawa mzee mwenyewe. Wewe una umri wa kunizidi, na una mtoto mgongoni. Muda ambao mimi naweza kupoteza, wewe huna.

Kwa hiyo nimekutii, dada. Uliniambia niuze pembe yangu, nimeuza. Iliyobaki si yangu, na mwenyewe hajaniambia anaiuza kwa hiari.

Mwambie Baba asije na blanketi lile, huku tutampa jingine. Aje na aproni yake na ile chachu anayoficha kwenye chupa. Mbusu Kaari mashavu yote mawili. Misheck mwite sasa arudi ndani, mpe mkono kwa niaba yangu. Mama Mwanatatu anakusalimu bila kukujua, na Mithika anauliza kama sauti yako ni kali kama maandishi yako. Nimemwambia azidishe.

Ni mimi mdogo wako, mwenye sura nzuri kuliko wote wa nyumba yetu,

Mutegi wa Nyamu.