Wanasema Tulifanya Pati

Jumanne, Newburg, huku ugenini. Mvua tangu asubuhi, na mimi sina nguvu hata ya kufungua pazia.

Bon, niandike tu. Kazini wanatuuliza kwa nini tulifanya pati wakati wa lokdauni.

Mama Neema, mwenzangu kwenye meza ya kupakia maboksi, alifiwa na mama yake kule kwetu Uvira wiki jana. Kanisa limefungwa, na nyumbani hairuhusiwi kupokea watu. Donc, sasa angelilia wapi? Kwetu mfiwa haachwi peke yake. Wiki hiyo hiyo, mchana mmoja, tulimzunguka watu tisa kwenye chumba cha kulia cha ghala. Tulivua barakoa, tukashikana mikono, tukaimba, tukala fufu na sombe ya majani ya muhogo kwenye sahani moja.

Tulivunja sheria? Ndiyo. Sitadanganya hapa. Lakini masaa kumi kila siku tunasimama bega kwa bega kwenye ile meza, na hakuna anayekuja kutupima umbali!

Hakuna aliyeugua. Namshukuru Mungu, ingawa najua ni bahati tu.

Sasa kosa langu.

Nilipiga picha. Lazima ndugu walio mbali waone kwamba mtoto wao hakulia peke yake. Nikaituma kwenye grupu letu la simu la hapa ili mtu aifikishe Uvira. Wapi! Mtu aliisambaza, na siku ya pili ilikuwa kwenye simu ya meneja. Mama Neema yuko katikati, mdomo wazi, anaimba. Asiyejua ataona mtu anafurahi.

Meneja anasema aliyeandaa atafukuzwa, na anaamini ni Mama Neema. Nilimweleza meneja matanga ni nini. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema sheria ni sheria. Sikumwambia kwamba mimi ndiye niliyewaita watu, na chakula nilipika mimi. Nina watoto wanne, na mshahara ni huu mmoja.

Naona aibu kuandika hivyo.

Jioni hii Mama Neema amenipigia. Kesho ameitwa ofisini, na Kiingereza chake ni kidogo.

"Dada, twende wote unitafsirie," amesema. "Na Mungu akubariki kwa ile picha. Kaka zangu wamelia, wamesema roho zao zimetulia."

Nimemjibu ndiyo.

Kesho wakimwuliza nani aliandaa, mimi nitatafsiri tu swali, au nitajibu?