Jibu Ambalo Halikuwamo Kitabuni

Nyumba za Walimu,
Mlango wa Nne.
17 Septemba

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Na binamu yangu, bado anakupikia ile chai nyepesi kama maji ya kusuuzia vikombe? Mvumilie tu, umemzaa mwenyewe. Huku wifi yako anakohoa kidogo asubuhi, lakini sauti ya kunigombeza bado anayo.

Barua yako ya mwisho niliijibu kwa mistari mitatu. Nisamehe. Nilikuwa na jambo ambalo kalamu ilikataa kuliandika.

Unakumbuka nilivyokulalamikia kuhusu watoto wangu wa darasa la nne? Wanasoma kwa sauti, hawakosei hata herufi, ukiwauliza wamesoma nini wanakutumbulia macho. Ukanishauri niwaache wazungumze: wakae makundi, waulizane, wabishane. Ulisema mtoto huelewa anachosoma akikiunganisha na maisha yake. Nikakusikia. Mwalimu mkuu aliguna kwamba darasa langu limegeuka soko, nikamwomba anivumilie muhula mmoja.

Ikafaa, Shangazi. Wiki ya tatu walikuwa wanagombania kusema.

Alikuwepo msichana mmoja, wenzake walimwita Kasuku, kwa sababu alisoma mbio kuliko wote na hakuelewa kitu. Miaka tisa, mwembamba. Baba hayupo, mama anafua mashuka hospitalini. Siku moja tulisoma hadithi ya mama aliyekwenda sokoni akaifunga nyumba kwa kufuli, watoto wakiwa ndani. Nikauliza kwa nini alifunga. Wote wakasema wezi. Kasuku akanyoosha mkono, mara ya kwanza tangu nianze kumfundisha.

"Ili wadogo zangu wasitoke," akasema. "Mama akiwa kazini na mimi nikiwa shule. Tunawaachia kopo la kukojolea."

Darasa likaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Nikamwambia, "Hadithi haina wadogo zako, mwanangu. Rudi kwenye kitabu."

Akaketi. Kwenye daftari langu nikaandika kwamba ameanza kuchangia. Nilifurahi kabisa.

Siku tisa baadaye, saa nne asubuhi, waya wa umeme ulishika moto chumbani kwao. Majirani walivunja mlango kwa shoka, lakini walichelewa. Mdogo wake mmoja alikuwa na miaka minne, mwingine miwili. Kasuku alikuwa darasani kwangu, kitabu mkononi, walipokuja kumwita.

Baada ya wiki mbili mama yake alifika ofisini kuchukua barua ya uhamisho. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa sabuni. Kasuku alisimama kando yake, mkoba mgongoni.

"Mwalimu," mama akasema polepole, "huyu anasema alikuambia kwamba nawafungia wadogo zake ndani. Ni kweli?"

Mwalimu mkuu alikuwa anasikiliza.

"Hapana, mama," nikasema. "Hakuniambia."

Mama akamgeukia mtoto. "Umeona? Hata kwa jambo hili unasema uongo?"

Nilikuwa nimemfundisha kubishana muhula mzima. Hakubisha. Alinitazama tu, kisha akatazama viatu vyake.

Usingizi ulinipaa. Jumapili nikaenda kwao kusema ukweli. Chumba kilikuwa kitupu, kuta nyeusi. Jirani hakujua walikohamia. Hospitalini wakaniambia mama yake ameacha kazi. Nimeiandikia shule iliyotajwa kwenye barua ya uhamisho, wamejibu kwamba mtoto huyo hajafika.

Majadiliano yanaendelea. Matokeo ya kusoma yamepanda, na wiki iliyopita mwalimu mkuu alinisifu mbele ya walimu wote. Walinipigia makofi. Sikujua niweke wapi uso wangu.

Shangazi, usinipoze kwa kuniambia kwamba sikujua. Nilisikia kila neno. Katika darasa lile aliyeelewa hadithi alikuwa yeye peke yake, nami nikamkalisha. Wewe umefundisha miaka mingi na una wanafunzi wako kila mji. Waulizie. Mahali fulani yupo mtoto anayeitwa mwongo na mama yake kwa sababu yangu.

Nisalimie binamu, mkwe wako, na mjukuu wako Kidevu. Wifi yako anakusalimu sana. Mungu akutunze huko uliko. Ukipiga magoti jioni, mwombee yule mtoto kwanza. Mimi nitasubiri.

Akupendaye daima,
Mtoto wa kaka yako