Picha ya Mwosha

Jumatatu, 8 Julai

Nimeamka kabla ya dada. Nimechaji betri, nimefuta lenzi kwa pindo la khanga, nimekunywa chai ya rangi na kiporo cha muhogo. Raskazone mapema, chuoni. Kompyuta nzima darasani ni chache, anayechelewa anasimama.

Mwalimu Shekue katoa kazi ya muhula. Ameiita Mtu Mahali Pake. Picha tatu, watu watatu. Uso uonekane, na mahali paseme huyu ni nani bila maandishi chini. Hataki kuta nyeupe. Hataki watu waliokauka kama wa picha ya kitambulisho. Kasema twende tukakae na mtu kwanza, kamera ikiwa mkobani.

Wawili nishawapata. Mzee Bakari wa tanuri la mikate ya boflo, na dada Zuhura akimpaka hina bi harusi. Wa tatu simjui bado.

Jumatano, 10 Julai

Kwa Mzee Bakari, tanurini. Unga hewani, mwanga wa moto ubavuni. Kila nikiinua kamera anacheka kama anatekenywa. Nikangoja mpaka akanisahau. Nimepata picha. Nzuri, si ya ajabu.

Dada kakataa kupigwa picha sasa. Kasema ngoja ajifungue, uso umemvimba kama andazi. Mimba imeingia mwezi wa nane. Bado anapaka hina chumba cha mbele, miguu kainyoosha juu ya kigoda, maana nayo imevimba. Shemeji Athumani yuko Horohoro mpakani, anawatolea watu mizigo forodhani, anarudi mwisho wa juma. Mimi naishi nao tangu mama afariki. Dada ndiye aliyenilea, ndiye aliyenipeleka chuo watu waliposema upiga picha si kazi ya mtoto wa kike.

Ijumaa, 12 Julai

Wa tatu nimempata. Bi Mwanakombo, mwosha maiti. Tangu nina akili, mwanamke akifa hapa Makorora anapita mikononi mwake. Watu humwamkia kwa adabu, kisha huvuka upande wa pili wa njia.

Nimekwenda baada ya swala. Shikamoo, marahaba. Anachambua mchele. Nikakaa, nikachambua naye. Nikamweleza kazi yenyewe. Akauliza nataka apigwe pamoja na nani, maana anaowahudumia hawapigwi picha. Kacheka mwenyewe. Mimi sikuweza. Nikamwambia yeye peke yake, uani, na ubao wake wa kuoshea. Kakubali. Jumapili asubuhi.

Nimechora mpango: yeye amekaa, ubao nyuma yake, jua kabla halijawa kali.

Jumamosi, 13 Julai

Nimemwambia dada. Kaweka chini bomba la hina.

"Unaniletea uchuro nami nina tumbo hili?"

Mkwewe Bi Mgeni alikuwepo. Amekuja kutoka Mkwaja kungoja uzazi. Kasema kumpiga picha mwosha na mja mzito yumo ndani ni kubisha hodi kaburini. Nimekasirika. Nimewajibu kuwa ni kazi ya darasa tu, basi. Sauti yangu ilikuwa juu kuliko inavyofaa mbele ya mkwe.

Baadaye dada kanifuata jikoni. Kasema niende, ila nisimwonyeshe hiyo picha. Kichwa kinamuuma tangu jana. Kafunga kitambaa.

Jumapili, 14 Julai

Uani kwa Bi Mwanakombo. Mpango wangu haukufaa. Ubao unang'aa mno juani, uso wake ukawa giza. Nikamsogeza kwenye kivuli cha ukuta, nikafunga shuka jeupe kwenye kamba ya nguo ili lirudishe mwanga. Ubao nimeuegemeza nyuma, ndoo ubavuni. Picha za mwanzo mbaya zote. Alikaza shingo, mikono kaificha ndani ya khanga.

Nimemwomba aitoe. Kasema watu hawaipendi. Nikamwambia mimi naitaka. Akaiweka magotini, viganja juu. Mikono mikubwa, misafi, ngozi imenyauka kwa maji.

Nikauliza nisilopaswa kuuliza. Je, anajua watu wanasema anaita kifo?

"Mimi siiti mtu, mwanangu. Naitwa."

Nikapiga pale pale. Hiyo ndiyo picha. Nimejua kabla hata sijaitazama. Nimerudi nyumbani nina furaha, na nimekaa nayo peke yangu, hakuna wa kumwonyesha.

Jumatano, 17 Julai

Mwalimu kaitia picha kwenye skrini kubwa. Kasema itatundikwa kwenye maonyesho ya chuo. Nimeona fahari, siwezi kukana.

Nimefika nyumbani nikamkuta dada anatapika. Anaona vimulimuli. Bi harusi wa watu kaachwa mkono mmoja una maua, mwingine mtupu. Tumempakia kwenye bajaji mimi na Bi Mgeni. Njia nzima Bi Mgeni hakunitazama. Hospitali wamesema presha imepanda sana. Wamemlaza.

Alhamisi, 18 Julai

Zuhura amekufa. Kifafa cha mimba.

Mtoto yu hai. Msichana.

Ijumaa, 19 Julai

Tumemzika baada ya swala. Naandika ili nisisahau, ingawa sidhani kama nitasahau.

Asubuhi walipomleta nyumbani wanawake walijaa ukumbini. Bi Mwanakombo kaitwa. Kaja na kikapu chake cha pamba na kafuri. Bi Mgeni kasimama mlangoni pa chumba, mikono kaitanua.

"Si huyu. Na wewe Rukia usitie mguu humu. Mshamaliza kazi yenu."

Nilitamani ardhi inimeze. Bi Mwanakombo hakupandisha sauti.

"Bi Mgeni, una uchungu, lia. Lakini maji ya mkweo usiyazuie. Mama hana, binti yake ana siku moja. Aliye karibu naye ni huyu mdogo wake. Mimi nitamwelekeza tu."

Akasimama pale akingoja. Kizee mmoja kamshika Bi Mgeni bega, kamwondoa taratibu, kamkalisha mkekani.

Nikaingia. Dada kafunikwa shuka. Bi Mwanakombo kanipa kopo, kasema nimwage polepole, nianze upande wa kulia, kama namwogesha mtu anayesikia. Kanishika kiwiko, tukamwaga pamoja. Kucha za dada zilikuwa na hina aliyojipaka mwenyewe. Maji yalipita juu yake, haikutoka. Kisha nywele. Kanionyesha: misuko mitatu. Nimesuka. Dada ndiye aliyenifundisha kusuka, kwenye kichwa hiki hiki. Sikulia mle ndani. Bi Mwanakombo alikataza machozi yasimdondokee.

Nimelia baadaye, chooni, khanga mdomoni.

Jumapili, 21 Julai

Matanga yameanuliwa. Bi Mgeni kasema mbele ya wanawake wote kuwa kamera ndiyo iliyomwita Zuhura. Hakuna aliyemkanusha. Hata mimi.

Daktari alitueleza. Uvimbe, kichwa, vimulimuli, vyote vilikuwa dalili. Najua hivyo. Na bado kila nikifumba macho naona ule ubao.

Namchukia Bi Mgeni. Najichukia mimi zaidi. Kile kichwa nilikisikia kikitajwa, nikaenda kufunga shuka kwenye kamba.

Alhamisi, 25 Julai

Bi Mgeni kaondoka na mtoto, Mkwaja. Kamwita Salama. Shemeji kasimama barazani, hakumzuia. Nimeomba nibaki naye nimlee. Bi Mgeni kauliza nitamlea au nitampiga picha.

Nimemshika mara mbili tu. Ana kidevu cha dada.

Jumatatu, 29 Julai

Nimerudi chuo. Nimemwomba Mwalimu Shekue aondoe picha ya Bi Mwanakombo kwenye maonyesho. Hakubishana. Kasema picha yangu, uamuzi wangu, ila nikamuulize kwanza mwenye uso.

Nimekwenda. Bi Mwanakombo alikuwa anaanika mashuka. Kanisikiliza mpaka mwisho, pini za nguo mdomoni. Kisha kazitoa.

"Uso wangu mimi, nami nishautoa. Ukiuficha leo, umewaambia wanayosema ni kweli."

Kanipa upande mwingine wa shuka tukung'ute. Nimeiacha picha.

Bado sina ya tatu. Nimetafuta dada kwenye simu yangu yote. Yupo harusini kwa watu, kageuka. Yupo mkono tu, anapaka. Yupo anakataa, kiganja usoni. Akiwa kazini kwake, uso wazi, hayupo. Nilidhani kuna wakati.

Ijumaa, 9 Agosti

Shemeji kanipigia. Anakwenda Mkwaja Jumapili kumwona mtoto. Kasema twende wote. Kasema pia nibebe kamera, hana picha ya mwanawe. Nikamuuliza mama yake atasemaje. Kasema tutajua hukohuko.

Sitaki kwenda. Nitakwenda.

Jumapili, 11 Agosti

Pangani, kivuko, kisha gari lililojaa vumbi mpaka Mkwaja. Shemeji njia nzima kalala, au kajifanya.

Bi Mgeni alikuwa jikoni, kibanda cha makuti uani. Nikamwamkia. Marahaba yake ilikuja imechelewa. Amekonda. Salama kalala mapajani mwake, na chupa ya maziwa imelala naye. Kanenepa. Nilijiandaa kumwona amedhoofu, nipate haki ya kumdai. Kanenepa, kapakwa mafuta, shingo haina hata kipele.

Nimekaa. Kamera sikuitoa. Nimechochea moto, nimeosha chupa. Mtoto kalia, Bi Mgeni kamwinua begani, kaanza kumwimbia bila maneno, macho kafumba, na machozi yakamtoka humo humo ndani ya kuimba. Hakuyafuta. Kumbe na yeye hana pa kuupeleka uchungu wake. Zuhura alikuwa akimwita mama, sikuwahi kulifikiria hilo.

Shemeji kachungulia, kasema, "Rukia, mpige basi mtoto, jua linakwenda." Nikasimama. Nikamwambia Bi Mgeni nitamlaza Salama mkekani, nimpige peke yake, nisimsumbue yeye.

Kafungua macho.

"Mpige na mimi. Asije akakua akasema hakuwa na mtu."

Mwanga ulikuwa unapenya kwenye makuti, mistari mistari, mbaya kwa picha. Sikufunga shuka. Sikumsogeza. Moshi, sufuria, chupa juu ya kinu kilichopinduliwa, mtoto begani, na yeye ananitazama moja kwa moja. Nikabana viwiko mbavuni, nikapiga.

Hakuniomba radhi. Sikumwomba. Tulipoaga kanifungia samaki wa kukaanga kwenye gazeti, kasema nisiwape paka.

Jumatano, 21 Agosti

Nimewasilisha. Mzee Bakari, Bi Mwanakombo, Bi Mgeni na Salama. Mwalimu kasema ile ya mwisho mwanga wake umekatikakatika, na kwamba nisiiguse. Akauliza hawa ni akina nani. Nikasema ni watu wangu.

Nimechapisha nakala moja ya hiyo, nimempa shemeji aipeleke Mkwaja akienda tena. Yeye karudi Horohoro leo mchana.

Nimefagia chumba cha mbele. Bi harusi mmoja alibisha hodi akimuulizia Zuhura. Hakuwa amesikia. Nimemweleza. Kakaa kidogo, kisha kaondoka.

Jioni nimepika wali wa mtu mmoja. Umebaki.