Hatua ya Kimya

Mjomba,

Shikamoo. Huku sote wazima, ila jiko linavuja gesi na fundi ananizungusha tu.

Lile fumbo la chesi ulilonitungia mwezi uliopita nimelifumbua. Nilishaanza kumkimbiza mfalme mweusi kwa malkia, kama kawaida yangu, hadi nikakumbuka unavyonifokea: "Wewe, acha pupa! Fumbo la kutungwa, hatua yake ya kwanza huwa ya kimya, haimtishi mfalme." Nikasogeza farasi pembeni taratibu, mfalme akakosa pa kutokea. Nilishangilia mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa hili jipya ulilonitumia. Nimelipanga ubaoni, nikalipangua, nikalipanga tena. Mfalme mweupe hayumo. Mwanzoni nilicheka, nikasema Mjomba ananitega. Wewe uliyewahi kuchana fumbo lako zima kisa askari mmoja asiye na kazi, leo umsahau mfalme, ambaye bila yeye hakuna mchezo?

Ndiyo maana nikakupigia jana. Nilipokuuliza yuko wapi, ulisema kwa upole, "Mfalme wa nini, mama?"

Mjomba, kwenye chesi hujawahi kuwa mpole kwangu hata siku moja.

Nakuja Ijumaa. Yule jirani yako mwenye duka atakuwa anapita kila jioni kukuangalia, tafadhali usimfukuze. Ubao uache ulivyo, mfalme nitamweka mwenyewe.

Nikipiga hodi, fungua, halafu nifokee kama zamani.

Mpwa wako mwenye pupa